Kitanda cha Sabuni cha Dabodeka

Mume wangu hana ugomvi na mtu yeyote hapa Makanyagio, ila ana ugomvi na maji yaliyosimama. Akiona bakuli lina maji kidogo chini, ataliinamisha. Mvua ikikatika anatoka na jembe kwenda kufungulia madimbwi ya barabarani, mbele ya nyumba za watu hata wasiomjua. Mimi niliolewa nikiambiwa ni fundi wa kuchomelea, mpole, halewi. Habari ya maji hakuna aliyenidokeza.

Jina lake Manyanda. Alizaliwa kijiji kimoja mbele ya Inyonga, akachunga ng'ombe wa baba yake mpaka akawachoka, ingawa mwenyewe husema ng'ombe ndio waliomchoka yeye. Akaja Mpanda mjini, akaanza kwa kumshikia vyuma fundi wa madirisha, macho mekundu kutwa kucha kama mtu aliyefiwa, na baadaye akapata mashine yake. Leo anachomelea mageti, madirisha na vitanda vya dabodeka vya wanafunzi wa bweni. Karakana wanachangia na Cletus, Mfipa mmoja ambaye mdomo wake haujawahi kwenda likizo. Mimi naitwa Lucia. Nauza maandazi asubuhi, na muda unaobaki naishi na fundi.

Sasa habari ya sabuni. Kazi ya kuchomelea inampaka mtu masizi mpaka ndani ya masikio, kwa hiyo Manyanda akiingia bafuni anajisugua kama anafua gunia. Tunanunua sabuni ya mche, nakata vipande, kipande kimoja nakiweka juu ya tofali bafuni. Kesho yake unakikuta kimelala kwenye maji yake, kimekuwa uji. Mimi nilikuwa naukomba ule uji, napaka kwenye dodoki, maisha yanaendelea. Yeye alikuwa akiuona anasimama palepale bila nguo na kuniita mpaka majirani wanasikia. "Mama Glory! Sabuni imekufa tena!" Mimi namjibu aizike, nina maandazi kwenye mafuta.

Akasema sabuni ni kama mtu, ikishafanya kazi inatakiwa ilale pakavu. Nikasema sawa. Ningejua ningenyamaza.

Cha kwanza kilikuwa kifuniko cha kopo la rangi, amekitoboa kwa msumari na kukigongelea ukutani. Kilichuja vizuri mpaka sabuni ilipoanza kutoa kamasi zake, matundu yakaziba, tukawa na bwawa dogo la kutundika. Akatoboa matundu makubwa. Sabuni ilipokonda ikapita tunduni, ikaangukia kwenye mfereji, tukaisindikiza kwa macho. Akaacha makopo, akahamia nondo nyembamba, amezilaza kama chaga, sabuni juu, hewa chini. Hapo ndipo lilipotoka jina la kitanda cha sabuni. Akakipa mteremko kuja mbele ili maji yatoke. Maji yakatoka, sabuni nayo ikayafuata, ikamwangukia binti yetu Glory kwenye kidole cha mguu. Akaweka kizuizi cha miguu miwili, sabuni ikasimama, maji yakapita katikati.

Mnadhani tulipumzika? Wapi! Kumbe maji yakifika mwisho wa chuma hayadondoki. Yanageuka, yanatambaa chini ya chuma, yanarudi ukutani. Na ukuta wenyewe ni wa tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Ukaanza kulika kidogo kidogo mpaka ngumi ikawa inaingia. Nikamwambia, "Baba Glory, mwanzo tulikuwa tunapoteza sabuni, sasa tunapoteza nyumba." Alikuwa amechuchumaa bafuni na nguo zake zote, kikombe cha maji mkononi, anamwaga, anatazama tone linavyokwenda. Jirani yetu Pudensiana aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole kama mzee anaumwa.

Dawa aliipata, sikatai. Mbele kabisa ya kitanda aliongeza ulimi, kipande cha bati alichokipinda kuelekea chini, na maji yakifika pale hayana njia ya kurudi, yanadondoka tu. Ukuta ukapona. Sabuni ikawa inaamka kavu, ngumu, kipande kimoja kikawa kinakaa mpaka mtu unakisahau. Alitengeneza vingine, Cletus akavitundika karakana pamoja na mageti. Kuna waliovinunua wakaweka mishumaa, na mama mmoja wa Mwamkulu alikitaka cha kuwekea mswaki na meno yake ya bandia. Manyanda aliumia moyoni lakini aliwafungia kwenye gazeti, wakaenda.

Basi tukiwa na amani hiyo ndipo mama yangu alipoletwa.

Mama yangu anaitwa Ngolo. Alikuwa amekanyagwa na ng'ombe zizini, akapaka majani, akanyamaza, na mtu akinyamaza na kidonda, kidonda hakinyamazi. Walipomshusha kwenye basi la Inyonga mguu ulikuwa umevimba mpaka kiatu kimepasuliwa. Hospitali walimsafisha, wakamfunga, wakaniambia nimlete kila mara wabadilishe kitambaa mpaka nyama ijifunge. Muuguzi alinitazama usoni. "Huyu akirudi kijijini kidonda kikiwa wazi, dada, safari ijayo mtamleta akatwe mguu. Mmesikia nyie?" Nilisikia. Usiku huo sikulala, nilikuwa nauona mguu wa mama yangu peke yake, bila mama.

Sasa wale wasiotujua Wasukuma niwaeleze. Mama mkwe na mkwilima, yaani mume wa binti yake, hawatazamani. Hawapeani mikono, hawali sahani moja, wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja anaingia majanini. Si chuki, ni heshima, tena ni heshima nzito. Mama kukaa nyumbani kwa mkwilima ni mtihani tayari. Kwenda choo kimoja naye, kuoga bafu moja naye, hilo halisemeki. Na sisi tuna bafu moja.

Choo alipata kwa Pudensiana. Bafu Pudensiana hana, kwake wanaogea nyuma ya turubai, na mama alisema bora mkwilima kuliko turubai. Siku za mwanzo nilimwogeshea chumbani kwenye beseni, maji yakamwagika chini, kitambaa cha kidonda kikalowa, muuguzi akanifokea kama mtoto. Ndipo mama akakubali kuingia bafuni kwa masharti. Kabla hajaingia, vyote vya mkwilima vitoke: taulo, ndoo, dodoki, ndala. Nikatoa. Akachungulia, akaona kitu kimoja ukutani.

"Na hiyo sabuni?"

"Ni sabuni tu, mama."

"Imepita kwenye mwili wa mkwilima wangu, halafu mimi niishike?"

Mimi nilisema jambo la mtu mwenye akili timamu: mama awe na sabuni yake kwenye kifuniko, aingie nayo, atoke nayo. Manyanda akakataa katakata. Sabuni ya kubeba mkononi ni ya msafiri wa gesti, akasema. Mtu akiwa na mahali pake pa sabuni ukutani, huyo ni mwenyeji, na yeye alitaka mama akae mpaka apone, asijisikie mgeni hata siku moja. Hapo nilimpenda mume wangu, nasema wazi. Nikasahau kuuliza maswali.

Ukuta wa tofali bafuni ni mmoja. Pande zilizobaki ni mabati, huwezi kutundika kitu. Kwa hiyo akafanya kama anavyowafanyia wanafunzi, akatengeneza kitanda cha sabuni cha dabodeka. Cha juu chake, maana ni mrefu, karibu agonge kila mlango. Cha chini cha mama, usawa wa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Na hicho cha chini akakirefusha kije mbele zaidi, ili mama asijinyooshe na kutonesha mguu. Alivijaribu karakana kwa kikombe, kimoja kimoja, juu ya meza. Cletus mwenyewe alikosa la kusema. Vyote vilichuja safi kabisa.

Wewe unayesoma umeshaona, sivyo? Kila mtu angeona. Lakini Manyanda ana adabu zake. Sabuni ya mama mkwe nayo alikuwa haitazami! Aliyeiweka pale ni mimi. Yeye alikuwa anaingia alfajiri, anaoga uso ameuelekeza juu kama anasali, anarudisha sabuni yake kwa kupapasa, anatoka na vitu vyake. Na ule ulimi aliouhangaikia mwaka mzima ulikuwa unafanya kazi yake bila kosa. Maji ya sabuni yake yalikuwa yanashuka moja kwa moja, tone kwa tone, katikati ya sabuni ya mama yangu.

Mama alikuwa anaingia jua likishachomoza. Akaanza kushangaa sabuni yake mbona ina povu naye hajaigusa. Akadhani ni umande. Asubuhi moja akakaa kwenye kigoda, akaamua kuitazama tu. Tone likakusanyika kwenye ulimi juu, likanenepa, likadondoka. Mama akainua macho, akaona limetoka kwa nani.

Alitoka bila kuoga, sabuni yake ameishika kwa ncha ya kanga. Mimi nilikuwa napanga maandazi kwenye ndoo. Alinipita akichechemea, akaingia chumbani, nikamsikia anafungua kanga na kuanza kufunga vitu vyake.

"Mama, kuna nini?"

"Nimeogeshwa na mkwilima wangu," alisema. "Tangu nimekuja hapa naogeshwa. Maji yaliyotoka kwenye kwapa lake nimejipaka usoni, Lucia. Usoni!"

Nilimweleza ni bahati mbaya. Alisema anajua ni bahati mbaya, mtu hafanyi hivyo kwa makusudi, ndiyo maana hagombi, anaondoka tu. Basi la Inyonga linaondoka alfajiri, yeye kesho atakuwa ndani. Nikamkumbusha mguu. Akasema mguu ni wake. Nikamkumbusha muuguzi. Akasema muuguzi si Msukuma.

Nililia. Nilikaa kwenye ndoo ya maandazi nikalia, na wateja wakaja wakajihudumia wenyewe, sijui nani alilipa. Mama yangu alikuwa anaenda kukatwa mguu kwa sababu ya tone la maji, na lililonichoma zaidi ni kwamba nilimwelewa.

Nikampigia Manyanda simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lilikuwa linadondokea katikati?" akauliza.

"Katikati."

"Yesu wangu!"

Alifika mchana na pikipiki, miwani ya kuchomelea bado ipo kichwani. Mama alikuwa kwenye mkeka barazani, ameupa uwanja mgongo, furushi lake pembeni. Manyanda akazunguka nyuma ya bafu, akasimama huko asikoonekana, akachuchumaa kusalimia. Mimi nilijua amechuchumaa kwa sababu kichwa chake kilitoweka juu ya bati.

"Mama Glory, mwambie mama nimekosa. Niko tayari kwa faini ya kondoo."

Walikuwa wanasikiana vizuri tu, hatua chache, lakini lazima maneno yapite kwangu. Nikageuka. "Mama, anasema yuko tayari kutoa kondoo."

"Kondoo ataliwa na nani, mimi naondoka?"

"Anasema ataliwa na nani."

"Mwambie basi kitanda changu cha sabuni nitakiondoa kabisa. Nitaoga kwa maji matupu."

Mama alipandisha sauti, ukuta usikie. "Mtu aoge maji matupu kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa sababu mama mkwe amekuja na kidonda! Na watu wasemeje? Hilo ndilo linanifukuza, Lucia, si sabuni. Nimekuja kumbana mtu kwake."

Sauti ikatoka tena nyuma ya bati: "Mwambie nitaviweka sambamba. Hakuna wa juu wala wa chini."

Sikupata nafasi ya kurudia. Mama alishageuka mpaka karibu avunje heshima. "Bega kwa bega? Mimi na mkwilima tulale bega kwa bega kwenye kitanda kimoja? Mwambie mumeo akae mbali na mimi kwa fikra zake!"

Pudensiana alikuwa amekuja kuchukua mwiko wake, akacheka mpaka akaegemea nguzo. Mimi sikucheka. Niliwaambia wote wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, kwamba nimechoka. Kwamba baba alishafariki, mama ndiye niliyebaki naye, na sitaki kumwona akitembelea magongo kwa sababu ya chuma cha kuwekea sabuni. Mama alishika furushi lake. Manyanda nilimsikia aking'oa vyuma bafuni, kisha anaondoka, pikipiki ikawaka, nikasema haya, na huyu naye amekimbia.

Alirudi jua likiwa limeinama kidogo, na dabodeka begani. Tukasikia nyundo, tukasikia skrubu zinalia kwenye tofali, tukasikia kikombe cha maji kinamwagwa, kikombe kingine, kingine tena. Safari hii alikuwa anajaribu vyote viwili pamoja.

"Mama Glory."

"Sema."

"Mwambie mama, nimeviteremsha vyote. Cha juu ndicho chake sasa, kipo usawa wa mtu aliyekaa kwenye kigoda, kama mwanzo. Changu nimekiweka chini yake, karibu na sakafu. Maji yake yatanidondokea mimi. Yangu hayawezi kupanda."

Nikamwambia mama. Alikuwa anasokota ncha ya kanga.

"Atakifikiaje kule chini?" akauliza taratibu. "Si mtu mrefu?" Tangu niolewe hajamtazama usoni hata mara moja, lakini urefu anaujua.

"Anasema atachuchumaa."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama," Manyanda akajibu mwenyewe kutoka nyuma ya bati, akasahau kunipitisha. Kisha akaona aibu, akakohoa. "Mwambie kila siku, Mama Glory."

Mama ameogesha watoto wake wote na wajukuu juu, na najua alichokuwa anakipima, kwa sababu midomo yake ilikuwa inasogea. Maji ya mzazi yakimshukia mtoto, kuna ubaya gani? Ndivyo watoto wanavyooshwa tangu dunia iumbwe. Lakini hakutamka, na mimi sikutaka kumharakisha.

Manyanda hakusubiri hukumu. Alikuwa na masizi ya kutwa na vumbi la barabara. Akaja kuchukua ndoo akiwa amefunika uso upande wa baraza kwa taulo, akajigonga kwenye kamba ya nguo, akaingia bafuni. Tukasikia maji ya kwanza. Kisha tukasikia magoti. Magoti ya mtu mrefu anayesimama kazini siku nzima, yanashuka moja moja, ko, ko, mpaka chini kabisa, halafu pumzi nzito, halafu kimya cha mtu anayepapasa sabuni karibu na sakafu.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Amechuchumaa?"

"Si umeyasikia magoti?"

Mle ndani magoti yakapanda tena. Maji yakamwagika. Sabuni ilimteleza, maana tulimsikia akisema "ah!", na magoti yakashuka mara ya pili.

Mama akalivuta furushi lake mpaka mapajani. Akafungua fundo la kanga. Akatoa kipande chake cha sabuni, kilikuwa kimekauka kabisa, akakiweka kwenye kiganja changu nikakirudishe bafuni Baba Glory akitoka.

"Mwambie asikae kule chini muda mrefu," alisema, "mgongo utamuuma. Halafu nitelekee maji. Kesho hospitali tunaondoka saa ngapi?"